Aliyemfikisha Tabibu Kileleni

Nina watu watatu na simu moja. Wote watatu walimtendea mema marehemu mwanangu, na simu haikatwi vipande. Nitawaeleza polepole, kwa sababu na mimi nilielewa polepole. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana mwishoni nitawauliza neno, na nina haja ya kweli ya jibu.

Wa kwanza anaitwa Mwanaidi. Ni binti wa Lindi, fundi cherehani. Kipawa alichopewa na Mungu ni kustahimili. Anaweza kufumua gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja uliokwenda upande, akalishona upya bila kunung'unika.

Wa pili anaitwa Gervas. Ni kijana wa Bukoba, anasomea ualimu. Kipawa chake ni kutosahau. Akipita njia mara moja, atakwambia mti uko wapi, jiwe liko wapi, na shimo liko hatua ngapi kutoka kwenye jiwe.

Wa tatu ni Mzee Mfaume wa Urambo. Kwa miaka thelathini na sita alichambua tumbaku, jani kwa jani, hili la dhahabu huku, hili la kahawia kule. Kipawa chake ni mikono yake. Ana umri wa miaka sitini na nane na vidole vyake havijawahi kutetemeka.

Mwanangu aliitwa Muhsini. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, hapa hapa Tabora, na aliishi nao miaka ishirini. Baba yake alitangulia mapema, nikabaki mimi na yeye. Wakati wenzake wanacheza mpira, yeye alikuwa amekaa kivulini na blanketi magotini. Wakati wenzake wanaoga mvua, yeye alikuwa ndani, kwa sababu baridi ikimwingia tu, maumivu yanaanza. Ndiyo maana aliponunuliwa simu na baba yake mdogo, sikumzuia. Nilijua mchezo wa kwenye simu haumtii mtu baridi.

Mchezo wenyewe unaitwa Nchi ya Sumbiri. Wanaoucheza wanakutana humo ndani na wanaongea, kila mmoja akiwa kwao, huyu Lindi, huyu Bukoba, huyu Tabora. Kabla hujapiga hatua ya kwanza unaulizwa utashika kazi gani. Kuna Upanga, anayekata. Kuna Upinde, anayepiga kutoka mbali. Kuna Ngao, ambaye kazi yake ni kusimama mbele na kupigwa badala ya wenzake. Kuna Mpelelezi, anayetangulia kuangalia njia. Na kuna Tabibu. Ukichagua umechagua. Ukitaka kazi nyingine, inabidi umfute kabisa yule mtu wako na kila alichochuma, uanze na mwingine kama mtoto mchanga.

Vijana wengi huchagua Upanga. Muhsini alichagua Tabibu. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nachambua mchele, wala sikuwa na nia ya kusikiliza sana.

Akasema, "Mama, mimi natibiwa tangu nazaliwa. Nataka na mimi nitibu."

Akanieleza kwamba Tabibu wa mchezo ule anaponya wenzake wote, ila hawezi kujiponya mwenyewe. Nikamwambia hiyo ni kazi mbaya. Akacheka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa chochote.

Siku moja nilikuwa naanua nguo nje ya dirisha lake. Nikamsikia anasema na mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba chumvi: "Tulia Gervas, nakufufua." Niliingia ndani na nguo mkononi. Nikamuuliza nani anamfufua nani. Akanionyesha. Kulikuwa na mtu amelala kwenye nyasi, na pembeni ya kioo kulikuwa na kitufe cheupe. Akasema Tabibu akibonyeza kile, aliyeanguka anainuka.

Nilimwambia, "Muhsini, humu ndani kwangu anayefufua ni Mungu peke yake. Hata kwa mchezo, mkono wako usikiguse kitufe hicho cheupe."

Nilidhani atabisha, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alikuwa anajua kubisha. Akasema, "Sawa, Mama."

Sikujua nilichomwomba. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba kile kitufe ndicho thamani yote ya Tabibu. Watu humchukua Tabibu katika kundi lao kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa nimemwambia seremala afanye kazi bila msumeno, na yeye akakubali, na hakukigusa tena mpaka anakufa.

Makundi yalimfukuza. Kundi moja, na la pili, na la tatu. Walimtania humo ndani kwa maneno ya vijana. Mmoja alisema huyu ni tabibu wa zahanati ya kwao, kila ukienda dawa zimeisha. Mwingine alisema afadhali waende na mbuzi, mbuzi angalau analiwa. Muhsini alikuwa anacheka nao, kisha anabaki peke yake.

Mwanaidi na Gervas hawakumfukuza. Walimuuliza sababu, naye hakuwaficha, akawaambia mama kakataza. Gervas anasema Mwanaidi ndiye aliyejibu, akasema, "Basi hatutaanguka."

Neno hilo ni jepesi kulisema. Katika nchi ile kuna mlima, na juu ya mlima kuna jiwe ambalo anayefika jina lake linaandikwa. Aliyeanguka mlimani akafufuliwa palepale anaendelea na safari. Asipofufuliwa anarudishwa bondeni mikono mitupu, amepoteza kila alichobeba. Watu wanapanda makundi kwa makundi na wanafufuana njia nzima, na bado wengi hawafiki. Kundi lenye Tabibu asiyefufua halijulikani kuwahi kufika.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, damu ya Muhsini ilizidi kuharibika. Figo zikaanza kukataa. Tulilazwa, tukatoka, tukalazwa tena. Daktari aliniita pembeni, na nilipotoka pale Muhsini alikuwa ameshausoma uso wangu. Jioni ile aliwaambia wenzake wawili kwamba anataka kupanda mlima, na kwamba asingependa kuchelewa sana.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Mwanaidi alikuwa Upinde. Nyinyi hamjui, hata mimi sikujua, lakini wanaojua wanasema alikuwa Upinde wa daraja la sitini na mbili, na kufika hapo kulimchukua karibu miaka miwili, saa ya chakula cha mchana, cherehani imezimwa. Watu wasiomjua walikuwa wanamwamkia njiani. Lakini Upinde hamkingi mtu. Tabibu asiyefufua anahitaji mtu wa kusimama mbele yake. Mwanaidi aliwaambia Muhsini na Gervas kwamba anaumwa kichwa, akatoka, akamfuta Upinde wake. Kesho yake akarudi akiwa Ngao wa daraja la kwanza, mtoto kabisa, anapigwa na kuku. Gervas alimtania, akamwita bibi wa mabanda ya kuku. Alipanda daraja kwa daraja kwa miezi minne, kazi aliyokuwa ameshaifanya mara moja. Bila yeye Muhsini asingevuka hata nusu ya mlima.

Gervas alikuwa Mpelelezi, na alibaki Mpelelezi. Yeye aliamua kwamba kwa kuwa siku ya safari hawatakiwi kuanguka, basi yeye aanguke kabla. Kila alipotoka darasani alipanda mlima peke yake, bila silaha, bila kitu, kwa sababu alijua atapoteza. Alipanda akaanguka, akaandika kwenye daftari mahali alipoangukia. Akapanda tena, akapita pale, akaangukia mbele zaidi, akaandika. Daftari nimeliona kwa macho yangu. Ameanguka mara tisini na moja. Kila anguko lina namba, na mbele ya namba ameandika kama mwalimu: hapa barafu ni nyembamba, hapa hesabu hatua kumi na moja, hapa usisimame hata ukiitwa. Bila yeye wasingejua njia.

Mzee Mfaume hakuwa kitu katika nchi ile. Alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili pale wodini, mguu umefungwa plasta, ameteleza kisimani Urambo. Kwa siku tisa alikuwa analalamika kwamba huyu kijana anaongea na simu yake kama mwendawazimu. Lakini siku ya kumi vidole vya Muhsini vilivimba, vikawa havikunjiki. Hata kijiko nilimshikia mimi. Na wenzake walikuwa tayari, wamepanga Jumamosi baada ya Alasiri, saa ya kuona wagonjwa.

Muhsini aliniomba mimi kwanza. Alisema, "Mama, nishikie. Mimi nitakwambia pa kubonyeza." Nami nilimjibu kwamba mikono yangu haigusi kitu kile. Nilisema hivyo. Siwezi kuliondoa neno hilo, ndiyo maana nimelisema mbele yenu.

Kisha Mzee Mfaume akanyoosha mkono kutoka kitandani kwake, akasema, "Lete hapa. Nimechambua majani miaka thelathini na sita, nishindwe na kitufe?"

Walikuwa na siku tatu za kujifunza. Nilikuwa nakaa pale na tasbihi yangu, nikijifanya siwasikii. Siku ya kwanza ilikuwa ni kicheko wodi nzima.

"Babu, kijani."

"Kijani kipi? Mimi hapa naona bluu."

"Hiyo ndiyo kijani, Babu. Vaa miwani."

"Miwani iko Urambo. Wewe tabibu, nitibu macho kwanza."

Siku ya pili wakaacha rangi. Mzee alisema rangi za simu ni za uongo, jani halina rangi kama hizi, akavihesabu vitufe kwa mahali pake, kama anavyohesabu mafungu ya tumbaku mezani. Fungu la kwanza kuponya, la pili kutembea, la tatu kuinama. Muhsini akisema "pili", mkono ulikuwa umeshafika. Siku ya tatu walikuwa hawasemi sana. Muhsini alikuwa anavuta pumzi tu, na Mzee anajua. Bila yeye Tabibu asingeinua hata mguu.

Jumamosi ikafika. Nitawaeleza nilichokiona, kwa sababu nilikuwepo.

Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai kati ya vitanda viwili. Sauti ya Mwanaidi ilitoka humo, na sauti ya Gervas akisoma daftari. Walipanda kwa muda wa saa nzima na zaidi. Gervas alikuwa mbele akihesabu hatua, Mwanaidi katikati na ngao yake, na yule mtu mdogo wa kanzu nyeupe nyuma yao. Mwanaidi akipigwa, Muhsini anasema "kwanza", Mzee anabonyeza, na Mwanaidi anapona. Wagonjwa wengine waliacha kula. Muuguzi alisimama mlangoni na sindano kwenye kisahani, akasahau kuingia.

Karibu na juu kuna daraja la kamba, na kwenye daraja kuna jitu la barafu. Gervas alikuwa ameliandika kwenye daftari: jitu halipigiki, linacheleweshwa tu. Mwanaidi akasimama mbele yake katikati ya daraja akawaambia wapite. Wakapita. Lile jitu lilikuwa linampiga na Muhsini alikuwa anamponya, linampiga, anamponya, mpaka walipofika ng'ambo na dawa haikumfikia tena. Mwanaidi akaanguka.

Nikaona kitufe cheupe kikiwaka, maana chenyewe kinafika hata mbali. Kiliwaka pembeni ya kioo kama taa, na hata mimi nilijua ni kile. Mzee Mfaume alikuwa hajui habari zake. Akauliza, "Hiki cheupe nacho ni fungu gani?"

Muhsini akageuza kichwa akaniangalia.

Nilikuwa na tasbihi mkononi. Nilitaka kusema kitu. Nawaambia mbele ya Mungu kwamba nilitaka kumwambia bonyeza. Kabla sijapata neno, sauti ya Mwanaidi ikatoka kwenye simu.

"Usinifufue, Muhsini. Nenda, unachelewa."

Muhsini akasema, "Pili, Babu." Wakaenda.

Mbele kulikuwa na ukungu. Gervas alikuwa hajawahi kufika pale, daftari lilikuwa limeishia darajani. Akasema, "Niangalieni mimi. Nikipotea, hapo msikanyage." Akatembea mbele. Hatua, hatua, hatua, kisha hakuwepo. Tukasikia tu pumzi yake huko Bukoba, na baada ya hapo akasema, "Kushoto kwa shimo. Piteni kushoto kwake." Wakapita kushoto.

Hatua za mwisho ilikuwa ni Muhsini na Mzee tu. Upepo ulikuwa unamtoa damu yule Tabibu, na kama nilivyosema, hawezi kujiponya. Muhsini alikuwa hana tena sauti ya kusema pili wala tatu. Mzee Mfaume alikuwa anamtazama usoni, si kwenye kioo. Muhsini akikunja uso, Mzee anainamisha. Akilegea, anatembeza. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka yule mtu akasimama na kioo kikawa cheupe chote.

Mzee akauliza, "Tumefika? Mbona hakuna kitu?"

Muhsini akacheka. Kicheko kile kilimuumiza kifua, akakirudia. Akasema, "Ndiyo huku, Babu. Hakuna kitu. Kuna mimi na wewe."

Jumanne yake, kabla ya Adhuhuri, Mwenyezi Mungu alimchukua. Asubuhi ile alinishika kidole kwa kidole chake kilichovimba, akasema maneno machache. Akasema nisali sana lakini nile pia. Akasema, "Simu yangu mpe aliyenifikisha." Nikamuuliza, "Yupi, mwanangu?" Hakunijibu. Hakuwa amekataa, alikuwa anatamka shahada.

Nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu kuuliza. Akaniambia wosia ule umesimama, madhali sisi warithi, mimi na baba yake mdogo, tumeridhia, na simu haiwi yangu tena hata nikiilaza chini ya mto. Nikamuuliza na lile la pili, la kitufe. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama Muhsini, angebonyeza, lingekuwa jambo la mchezo. Hakubonyeza, akawa amekutii. La kwanza lisingeandikwa. La pili limeandikwa." Nilirudi nyumbani sijui kama nimefarijiwa au nimehukumiwa.

Mnaweza kusema, si ukae nayo tu, wewe ndiye mama. Hapana. Kwanza si yangu. Pili, yule Tabibu bado amesimama juu ya mlima, na simu ile ndiyo peke yake inayomfungulia mlango, kwa sababu neno la siri Muhsini alikwenda nalo. Asipofunguliwa kwa siku tisini, mchezo unamfuta. Zimebaki arobaini na nane. Na mimi siwezi hata kumgeuza shingo.

Leo, kwenye arobaini yake, walikuja wote watatu. Mwanaidi alipanda mabasi siku mbili kutoka Lindi. Nilimtambua kwa sauti kabla hajavua viatu. Gervas alikuja na daftari lake na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni hajui kama Mkristo anaruhusiwa kwenye hitma. Nikamshika mkono nikamwingiza. Mzee Mfaume alikuja na fimbo. Walipoonana, Mzee alimuuliza Gervas, "Wewe ndiye uliyekuwa unatumbukia?" Gervas akasema, "Ndiye mimi, Babu." Mzee akasema, "Mrefu hivi, na shimo hulioni." Hapo ndipo walipoweza kulia.

Baada ya dua na chakula niliwaita ndani, nikawaambia wosia wa marehemu, nikaweka simu kwenye mkeka. Hakuna aliyeigusa. Nikawaomba kila mmoja aseme ukweli, kwa sababu aibu haitanisaidia.

Mwanaidi alisema hakuja kuomba kitu. Nikamwambia sikumuuliza hivyo. Akafungafunga ncha ya mtandio wake. Akasema angeipenda. Akasema angekuwa anaifungua kila wiki, anamwangalia, na hamsogezi hata hatua moja. "Amefika, Mama. Nilimfuta mtu wangu ili yeye afike. Naomba asishushwe."

Gervas alisema na yeye angeipenda, ila si kwa kumwangalia. Angemshusha. Alisema bondeni kuna watoto wapya kila siku, wanaumizwa, hawana wa kuwaponya, na Tabibu wa daraja lile anaweza kuponya hamsini kwa jioni moja. "Muhsini hakuchagua kazi ya kusimama kwenye barafu, Mama. Alichagua kutibu." Nikamuuliza kama atabonyeza kile cheupe. Alifikiri, hakukimbilia kunipendeza. Akasema, "Ukinikataza sitabonyeza. Lakini nakuomba usinikataze."

Mzee Mfaume alikuwa anaangalia mikono yake. Alisema yeye hajui bonde wala hajui kilele. Alisema wajukuu zake wanamcheka, kila akikaa vidole vinabonyeza goti, kwanza, pili, tatu. Akasema, "Hawa wawili walimfungulia njia, sina ubishi. Lakini aliyetembea ni mimi. Nilikuwa miguu yake. Kila walipokuwa wanaongea na Muhsini mle ndani, ni mimi niliyekuwa namsogeza. Mimi ningemtembeza kidogo tu hapo hapo juu, Jumamosi, asigande miguu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Muhsini, ule uso aliokuwa ananionyesha, nyie hamkuuona. Mlikuwa mnaangalia simu."

Mwanaidi akamwambia polepole kwamba mikono bila ngao ingefia nusu ya njia. Gervas akasema ngao na mikono bila njia zingefia wapi. Mzee akasema na njia bila miguu ni kamba tu iliyolala chini. Hawakugombana. Walisema kama watu wanaogawana msiba. Kisha wote watatu wakaniangalia mimi.

Niliwaambia nipeni muda nikaoshe vyombo.

Basi ndiyo niko hapa uani na vyombo vyangu. Wao wako ndani, nasikia vikombe. Basi la Mwanaidi linaondoka kesho alfajiri, na hatakuwa na nauli ya kurudi tena mwaka huu. Nimeisoma Yasini, nimeswali rakaa mbili za kuomba muongozo, na moyo wangu umeegemea kwa mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa wa tatu, na kila nikimchagua mmoja nawaona wale wawili wakimsaidia kuvaa viatu vyake na kumtakia safari njema, na nashindwa.

Yule aliyemfuta mtu wake wa miaka miwili ili awe ngao ya mtu mwingine. Yule aliyeanguka mara tisini na moja, na ya tisini na mbili mbele ya macho yetu, ili mwingine asianguke. Yule aliyetoa mikono yake pale mama mzazi alipoificha yake.

Nikikosea, nitakuwa nimemkosea asiyeweza tena kunisamehe. Nikinyamaza, siku zinahesabika. Ninyi mmenisikiliza tangu mwanzo na hamna upande. Nikiingia ndani sasa hivi na simu hii mkononi, je, mngeniambia nimkabidhi nani?